Kibao Kinasema Hamsini

Ukitaka kutukanwa Malindi bila kumkosea mtu, washa gari, shika barabara ya Mombasa, kisha uende kwa mwendo ule ule ulioandikwa kwenye kibao. Kabla hujaumaliza uwanja wa ndege utakuwa na matatu nyuma yako, imekukaribia hadi unauona uso wa dereva kwenye kioo, taa zinamulika, honi haipumui, na makanga ametoa nusu ya mwili mlangoni akikupungia mkono utoke njiani. Ukitoka, umeingia vumbini. Usipotoka, atakupita hapo hapo, kuna kona au hakuna, na atakapokuwa sambamba nawe atakuambia jambo ambalo mama yake hakumfundisha.

Nakaa mjini na nafundisha shule ya msingi iliyo upande wa Gede, kando ya lami. Kipande hicho cha kama kilomita 16 nimekipita miaka mingi, kwa gari langu dogo la mtumba likiwa zima, na kwa matatu likiwa gereji, ambako hukaa sana. Kwa hivyo mambo haya nimeyaona nikiwa nimeshika usukani, nikiwa nimebanwa kiti cha nyuma baina ya gunia na kuku wa watu, na nikiwa nimesimama ukingoni mwa barabara nimeshika mikono ya watoto wa darasa la kwanza tukingoja pengo la kuvukia. Hapo pa mwisho ndipo barabara inapojulikana. Ndani ya gari, kilomita themanini kwa saa ni mwendo wa kawaida tu, upepo unaingia dirishani, mtu anazungumza na simu yake. Ukingoni, gari hilo hilo likipita, kanga inakuruka mwilini na mtoto anakukwama pajani.

Kwa asiyeijua sehemu hii, asidhani kuwa ni barabara kuu inayopita nyikani. Ukitoka mjini unapita Msabaha, vijiji vinafuatana, kisha unafika Gede penye njia panda ya Watamu na yale magofu ambayo mwaka 2024 yalitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ukivuka Gede kuelekea Kilifi ndipo unapokutana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Njia nzima kuna watu: akina mama na madumu ya maji, wazee wanaokwenda msikitini, baiskeli iliyopakiwa makaa hadi mwenyewe haonekani, mbuzi wasio na mwenyewe, vijana na mafungu ya madafu. Gari moja likisimama kununua maembe, yote ya nyuma yanafanya mambo ya ajabu. Kwa watu hawa, barabara hii haihusiani kabisa na safari ya Mombasa. Ndiyo njia yao ya dukani, ya madrasa, ya shambani, ya kumzika jirani. Walikuwapo kabla ya lami, na lami ilipita kati yao bila kuwaachia hata upenu wa kutembelea.

Sheria inalijua hilo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho mijini na kwenye vituo vya biashara. Nje ya hapo, gari la abiria na lori mwisho wao ni 80, gari la mtu binafsi 100. Na tangu 2016 makosa madogo yana bei yake iliyopangwa: ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Ukizidisha zaidi ya hapo ni kortini moja kwa moja. Orodha nzuri, imepangika. Dereva yeyote wa njia hii anaweza kukusomea bei hizo kwa moyo kama bei za samaki sokoni.

Na hapo ndipo udhia wangu unapoanzia. Dereva wetu anajua bei ya mwendo, lakini hajui mwendo wenyewe umewekewa mpaka kwa ajili ya nani. Kwake yeye, hamsini ni shauri kati yake na askari. Askari yupo, hamsini ipo. Askari hayupo, hamsini imekwenda naye nyumbani kula chakula cha mchana. Huyu mama wa dumu anayepita hapa katikati, ambaye ndiye kibao kiliwekwa kwa sababu yake, hayumo kwenye hesabu.

Tazama jinsi tunavyomulikiana taa. Ni ustaarabu mkubwa wa barabarani na mimi mwenyewe umenifaa: gari linalotoka mbele linakupiga taa mbili tatu, unajua kuna askari na mashine yake chini ya mwarobaini, unapunguza, mnapungiana mikono, mnapita. Watu wasiojuana, wa makabila yote, dini zote, wenye lori na wenye mikweche, wote wanahurumiana. Undugu ulioje! Lakini katika miaka yote hii sijawahi kupigiwa taa kwa sababu mbele kuna watoto wanavuka. Hata mara moja. Tunaonyana juu ya shilingi 3,000, juu ya mtoto hatuonyani.

Nimewahi kuwafundisha darasa la saba habari za mwendo kwa kutumia barabara yao wenyewe, na nilipoiandika hesabu ubaoni mimi mwenyewe nilishtuka. Hebu tuifanye. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kila sekunde. La 100 linakula mita 28. Sasa mtoto ameingia barabarani. Dereva hata awe hodari vipi, inampita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Yule wa hamsini amekwenda mita 14, anafunga breki, na kwenye lami kavu, tairi nzuri, anahitaji kama mita 14 nyingine kusimama. Jumla 28. Yule wa mia katika ile sekunde moja ya kushtuka tu amekwisha kwenda mita 28. Maana yake ni kwamba mahali pale pale ambapo mwenzake amesimama kabisa na anamtazama mtoto kupitia kioo, yeye ndiyo kwanza mguu unagusa breki, na bado yuko kwenye mia. Baada ya hapo anahitaji mita zaidi ya hamsini ili asimame. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini breki inataka nafasi mara nne.

Mwanafunzi mmoja akauliza: na kama tairi ni kipara? Watoto wa kando ya barabara wanajua maswali ya kuuliza.

Upande wa pili wa hesabu ni ule wa faida, maana mtu hakimbii bure. Kilomita 16 kutoka Gede hadi Malindi kwa mwendo wa 80 ni dakika 12. Kwa 100 ni dakika tisa na nusu hivi. Kwa 120, ambayo wapo wanaoifika na wanajisifu nayo, ni dakika nane. Basi yote haya, honi, matusi, kumsukuma mtu vumbini, kupita gari kwenye kona, ni kwa ajili ya dakika mbili au nne. Na dakika hizo matatu imetoka kuzichoma steji. Imekaa nusu saa ikingoja abiria wawili, injini inanguruma, gari linasogezwa mbele na nyuma ili waliomo wadhani linaondoka, makanga anaita "Wawili wa haraka! Wawili wa haraka!" na wewe umekaa unatokwa jasho. Ikijaa ndipo dereva anakumbuka kwamba amechelewa.

Nilimuuliza mmoja wao. Nilipata bahati kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, kwa hivyo hakuweza kunijibu vile wanavyojibu wengine. Aliniona kiti cha mbele akavua miwani ya jua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, hivi unakimbilia wapi?"

Akacheka. Alipoona sicheki akaanza kunieleza, na maelezo yake yalikuwa sawa kuliko nilivyotaka yawe. Gari si lake, lina tajiri. Kila jioni tajiri ana hesabu yake, kiasi ambacho lazima kifike mkononi, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta ni juu ya gari lenyewe, na kuna hela nyingine nyingine za njiani ambazo aliniomba nisimuulize. Kinachobaki ndiyo riziki yake na makanga. "Sasa mwalimu, mimi nikienda hamsini, gari la nyuma linanipita, linaokota abiria wangu wote hadi mjini. Nafika na viti vitupu. Nikimwambia tajiri nilikuwa nafuata kibao, kesho gari ana mtu mwingine."

Ndiyo sababu ukiziona matatu mbili zinafukuzana usidhani ni wazimu wa vijana peke yake. Zinagombania mama mmoja aliyesimama na kikapu mbele huko, na anayemfikia wa kwanza ndiye mwenye nauli. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 ziliiona shida hii, zikataka madereva na makanga wawe na mkataba na walipwe mshahara wa mwezi, na magari yawe chini ya sako, yaani chama cha ushirika, au kampuni. Sako tunazo, majina yamechorwa milangoni. Mshahara wa mwezi, nilipomuuliza huyu kijana, alinitazama kwa huruma.

Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 2004, zile sheria zilizopewa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, John Michuki. Matatu zote zikachorwa mstari wa manjano, mikanda ikafungwa kila kiti, abiria kumi na wanne na kichwa kimoja zaidi hakiingii, na spidi gavana, kidude cha kulizuia gari lisizidi kilomita 80. Kwa muda fulani nchi nzima ilikwenda kwa adabu. Tulilalamika kwamba nauli zimepanda na magari hayatoshi, na kweli zilipanda na kweli hayakutosha, lakini ulikuwa unaweza kusinzia ukaamka Kilifi. Mikanda ile baadaye ikawa michafu hata hakuna aliyetaka kuigusa na nguo yake ya kazini. Gavana nazo zikajulikana dawa yake. Nimekaa kiti cha mbele nikamwona dereva akipeleka mkono chini ya usukani, kidude kikabonyea, gari likashusha pumzi na kuanza kuruka. Mbele ya kizuizi cha polisi mkono ukarudi pale pale. Nyuma ya gari hilo palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: Haraka Haraka Haina Baraka.

Nisiwaonee wa matatu peke yao. Disemba ikifika kuna wageni wetu kutoka Nairobi na magari marefu yenye vioo vyeusi, wamefunga safari nzima ya kuja kupumzika Watamu na Malindi, na wanaendesha kana kwamba bahari itafungwa saa kumi. Hawa hawana tajiri wa kumpelekea hesabu. Kuna malori. Kuna mwenye gari la kazi ya ofisi, ambaye mafuta si yake na tairi si zake. Na kuna bodaboda, ambao wana mlango wao maalumu katika kila msongamano, kulia, kushoto, na katikati, na wakati wa kwenda shule wanabeba mshikaki wa watoto wanne, wa mbele kabisa amekalia tangi la mafuta na begi lake kifuani. Kofia ya chuma anayo dereva, imetundikwa kwenye kioo.

Huwa nafikiri kuwa zamani barabara zenyewe zilikuwa zinatuwekea mwendo. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, aliyekuwa na haraka na asiyekuwa nayo walikutana kwenye kivuko, wakasubiri pamoja, wakala korosho pamoja. Kutoka Garsen kwenda Lamu, kabla ya lami, vumbi na matope ndiyo yalikuwa askari. Dereva alikwenda kwa mwendo wa shimo lililo mbele yake. Lami imekuja, alhamdulillahi, mgonjwa anafika hospitali na samaki anafika sokoni kabla hajaoza, sitaki turudi kwenye matope. Lakini kila kizuizi kilipoondolewa, mwendo wote uliopatikana ulichukuliwa na aliye ndani ya gari. Anayetembea hakuongezewa kitu. Aliongezewa hofu.

Nilikwenda Lamu kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, na mtu wa Malindi akifika Mji Mkongwe kitu cha kwanza kinachomchanganya ni shingo yake, maana inaendelea kugeuka kulia na kushoto ikitafuta magari yasiyokuwapo. Vichochoro vile ni vyembamba, punda na shehena yake akipita wewe unajibandika ukutani. Lakini ona nani anayehangaika: ni yule mwenye mzigo. Anaanza kuita tangu yuko mbali, "Simila! Simila!", sauti inakufikia kabla ya punda, unapata nafasi ya kusogea, na akipita anakusalimu. Wajibu wa kuonya ni wa mwenye nguvu. Huku kwetu tumeugeuza, honi tunampigia mtu wa miguu kumwambia kosa ni lake kuwa na miguu. Sisemi Lamu ni peponi. Bodaboda zimeshaingia kisiwani nako, na watu wa huko niliowasikia wakizilalamikia walikuwa wakitumia maneno yale yale tunayotumia sisi.

Kinachotiiwa barabarani kwetu, na hiki nakisema bila wasiwasi, ni bampu tu. Kibao hakitiiwi, zebra haitiiwi. Zebra zenyewe zimefutika hata mvukaji hajui kama yuko juu yake. Bampu inatiiwa kwa sababu inavunja springi, na springi ina bei. Ndiyo maana wanakijiji kila mahali wanaomba bampu, na utaratibu wa kuipata wote tunaujua ingawa haukuandikwa popote: anagongwa mtu, mara nyingi mtoto, watu wanatoka na mawe na matairi, barabara inafungwa, wakubwa wanakuja, wanaahidi, na baada ya muda bampu inaonekana. Ukisafiri kutoka hapa hadi Mtwapa, kila bampu unayoiruka, uliza wenyeji, uwezekano ni mkubwa watakutajia jina la mtu.

Na bampu nazo zina mambo yake. Nyingine hazina rangi, hazina kibao, mgeni anazikuta usiku kwa kichwa kugonga paa. Tuktuk zinapepesuka juu yake. Lakini pia zimezaa soko. Pale magari yanapopunguza ndipo akina mama wanaposimama na karanga, machungwa, mahindi ya kuchoma, na baada ya mwaka mmoja bampu iliyowekwa ili kuwalinda wavukaji imeleta watu mara tatu zaidi ukingoni mwa lami, wanakimbia sambamba na madirisha ya mabasi wakidai chenji. Sijui mhandisi angesemaje. Mimi naona watu wamepata mahali pekee barabarani ambapo gari linalazimika kuwasikiliza.

Saa mbaya kuliko zote ninayoijua ni ile nusu saa kabla ya Maghribi katika Ramadhani. Mtu amefunga tangu alfajiri, koo limekauka, kichwa kinamuuma, anajua nyumbani kuna uji wa mchele na mahamri na mbaazi vimeshaandaliwa, na jua linashuka bila kumngoja. Nchi nzima iko barabarani wakati mmoja, jua la magharibi linapiga machoni, watoto wametumwa dukani barafu na wanavuka mbio. Mswali na asiyeswali wote wanakimbia, kwa sababu asiyefunga naye amekasirishwa na wanaokimbia. Nimewahi kuona gari linapita jingine, lililopitwa nalo linapita jingine, magari matatu kwa mkupuo, na kila mmoja humo ndani nina hakika alikuwa na tende mfukoni. Tende ile ingefaa iliwe pale pale kwenye gari na funga ingefunguka salama. Maimamu wetu wanagusa mengi katika mawaidha ya mwezi ule. Ningependa wagusie na hili.

Usiku ni habari nyingine. Taa za barabarani zinakwishia mjini, na kuanzia hapo ni ful laiti usoni mwako, kila mtu amewasha zote na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzishusha. Katika ile sekunde mbili tatu za upofu unaendesha kwa imani. Na huko ukingoni, katika giza hilo, mama amevaa buibui jeusi anarudi kutoka kwenye matanga. Gari la mia haliwezi kumwona kwa wakati. La hamsini linaweza, kwa shida.

Wenye kusoma takwimu wanasema nchi hii inapoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni wa miguu. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali ya kuua unapanda kwa asilimia 4. Na mkutano wa mawaziri juu ya usalama barabarani, wa Stockholm mwaka 2020, ulitaka pale magari na waenda kwa miguu wanapochanganyika mwendo usizidi 30. Thelathini! Nilipoitaja kwenye mkutano wa wazazi, mzee mmoja aliye mwendesha lori aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nazungumzia mikokoteni. Tuliishia kuandika barua ya kuomba bampu mbili, rangi yake, na kibao cha watoto. Nakala ninayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Lakini wa kulaumiwa si dereva peke yake, na hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Wiki iliyopita gari langu lilikuwa gereji. Nilipanda matatu Gede, tumejaa, dereva kijana mdogo, na tangu tuliposhika lami alikuwa anaikimbiza nyingine ya bluu iliyokuwa mbele. Tukapita lori tukiwa upande wa wenyewe, gari lililotoka Malindi likaingia majanini. Ndani, kimya. Watu wazima, wafanyakazi, mwalimu mmoja ambaye ni mimi, kila mtu ameshika chuma cha kiti cha mbele na anatazama simu yake. Ukisema utaambiwa unajifanya, au utaambiwa ununue lako.

Aliyesema ni bibi mmoja wa Kigiriama aliyekuwa karibu na mlango na beseni lake la maembe mapajani. Hakupaza sauti. "Mwanangu," alimwambia dereva, "mimi haya maembe nayapeleka sokoni, siyapeleki kwa Mungu. Punguza."

Makanga akacheka, lakini dereva hakucheka. Akapunguza. Nikatazama mbele, mshale ulikuwa umerudi kwenye sitini. Ile ya bluu ikatokomea na abiria wake. Tukaenda hivyo kwa utulivu, watu wakaanza hata kuzungumza, mmoja akauliza bei ya maembe. Bibi alikuwa amekusudia kufika mjini, lakini akaona wateja wa jumla wamesimama na pikapu kando ya njia, akagonga bodi, akateremka, makanga akamsaidia beseni.

Mlango ulipofungwa, mwanamume aliyekuwa nyuma yangu, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha kazi shingoni, akainama mbele akamgusa dereva begani.

"Haya, dereva, kanyaga sasa. Tumechelewa."